Nauli niliyomnyima kitindamimba wetu

Msomaji mpendwa, je, umewahi kumnyima mtoto au ndugu yako nauli, kisha ukaijutia nauli hiyo kuliko pesa zote ulizowahi kupoteza? Mimi nimewahi. Zilikuwa shilingi mia nne tu. Leo nataka nikusimulie kisa chenyewe kwa sababu najua huenda nyumbani kwako pia yuko kijana wa chuo kikuu ambaye wiki hii anaomba pesa za kwenda kupanda miti, wiki ijayo za kwenda kuhesabu ndege ziwani, na wiki ya tatu za kwenda kuchora ramani. Nawe unajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, iwapo hayo ni masomo au ni matembezi.

Kitindamimba wetu anasomea jiografia katika chuo kikuu kimoja cha umma. Alipopata nafasi hiyo, jamaa zetu walimpongeza shingo upande. Mmoja alimwuliza iwapo atakuwa mwalimu. Mwingine alitaka kujua ni nani atakayemwajiri kutaja miji mikuu ya nchi za ulimwengu. Nami, dada yake mkubwa, mwenye diploma ya uanahabari na kazi ya mshahara, nilicheka pamoja nao.

Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023, utakumbuka, serikali ilitupa siku ya mapumziko ili tupande miti. Lengo lilikuwa miche milioni 100 kwa siku moja, katika mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Sikubaki nyuma. Nilivaa fulana mpya ya kijani, nikapewa mche, nikautia katika shimo lililokuwa limechimbwa na mtu mwingine, kisha nikapigwa picha nikiwa nimechutama kando yake. Picha ilipendeza sana. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeitendea nchi yangu jambo kubwa.

Kesho yake jioni, kitindamimba akanipigia simu. "Dada, kesho ni Siku ya GIS. Tuna mkutano wa kuchora ramani mjini. Naomba mia nne ya nauli na chakula cha mchana."

Nilimwuliza hiyo GIS ni mnyama gani. Akanieleza kwa subira kwamba ni mifumo ya kompyuta inayopanga tabaka za ramani moja juu ya nyingine. Tabaka moja ni la mito, jingine la nyumba, jingine la miinuko na mabonde. Ukiyatazama yote kwa pamoja unaona jambo ambalo tabaka moja peke yake haliwezi kukuonyesha. Akasema siku hiyo huadhimishwa katika nchi nyingi kila Novemba tangu mwaka wa 1999.

"Ramani si zimejaa katika simu yako?" nikamjibu. "Shika vitabu, uache kuzurura." Nikakata simu.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na kwamba chakula cha mchana aligawana na mwenzake.

Sasa nikupeleke kwa mama yetu. Wakati huo aliishi katika nyumba ya chini ya jengo moja karibu na Mto Mathare, hapa Nairobi. Ndimo tulimolelewa. Alikuwa na cherehani ya miguu aliyoinunua kabla sijaanza shule, na kwa cherehani hiyo alishona sare za wanafunzi, mapazia na nguo za harusi. Karo yangu ya chuo cha uanahabari ilitoka chini ya sindano ile. Kitu kingine cha thamani alichokuwa nacho ni sanduku la bati alimoweka vyeti vyetu vyote.

Disemba ya mwaka huo huo wa 2023, tulipokutana kwa mama, kitindamimba alitoa karatasi mkobani akaitandaza mezani. Ilikuwa ramani ya mtaa wetu. Alikuwa amejifunza kuichora katika mkutano ule niliomnyima nauli, kisha akaendelea nayo jioni baada ya jioni katika maabara ya kompyuta chuoni. Alituonyesha mto unavyopinda karibu na nyumba ya mama. Alituonyesha kivuko kifupi kilicho chini zaidi, ambacho daima huziba kwa taka. Alituonyesha nyumba zilizojengwa ng'ambo hadi zikausukuma mto upande wetu. Kisha akaweka kidole juu ya mistari ya mwinuko.

"Mama, maji yakizuiwa pale kwenye kivuko, yatarudi nyuma. Na yakirudi, mahali pa kwanza yatakapoingia ni hapa tulipoketi. Afadhali sanduku na cherehani vikae kwa shangazi, ghorofa ya tatu, mpaka mvua za masika zipite."

Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. "Wewe uliyesoma mbele yake, unaonaje?"

Msomaji, hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia mama kwamba ameishi pale zaidi ya miaka ishirini na mitano, kwamba hata mvua ya El Niño ya mwaka wa 1997 haikuvuka kizingiti chake, na kwamba mto haubadiliki kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa pili amechora karatasi. Kitindamimba alijibu kwa upole, "Dada, mwaka wa 1997 zile nyumba za ng'ambo hazikuwapo." Nilijifanya sikusikia.

Mama, kama ilivyo desturi ya mama, alitafuta njia ya kuturidhisha sote wawili. Sanduku likapandishwa kwa shangazi. Cherehani ikabaki, kwa kuwa sare za Januari zilikuwa zikingojewa na kuishusha na kuipandisha ngazi ingekuwa taabu.

Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 Aprili 2024, Mto Mathare ulivunja kingo zake. Mama aliamshwa na mlio wa sufuria zikigongana, akashusha miguu kitandani akakanyaga maji. Majirani walimshika mkono wakampandisha ngazi gizani. Alinusurika, na kwa hilo sichoki kushukuru, maana katika mafuriko ya msimu ule Wakenya zaidi ya 200 walipoteza maisha, wakiwamo wale wa Mai Mahiu waliosombwa usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili.

Asubuhi maji yalipopungua tuliingia. Matope yalikuwa yamefika kwenye kidirisha. Tuliikuta cherehani imelala kifudifudi chini ya kabati, meza yake imefura, gurudumu limepinda. Mama aliifuta kwa ncha ya leso yake, akaiacha, akatoka nje. Hakunilaumu siku ile, wala hajanilaumu hadi leo. Kitindamimba naye hakusema neno. Alikwenda kwa shangazi akateremsha lile sanduku, akalifungua tulihakikishe. Vyeti vyote vilikuwa vikavu. Cha juu kabisa kilikuwa diploma yangu.

Tarehe 10 Mei 2024 tulipewa tena siku ya mapumziko, safari hii ya kuwaomboleza waliokufa na kupanda miti. Sikuvaa fulana. Nilikwenda peke yangu kuutafuta mche niliopigwa nao picha miezi sita nyuma. Sikuupata. Nilikuta shimo, kijiti cha kuegemeza, na mbuzi wakijilisha. Hakuna aliyeutilia maji Januari na Februari, na mimi mwenyewe sikuwa nimerudi hata mara moja kuutazama.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo kimoja cha matukio haya ya mazingira na jiografia wanayoyakimbilia vijana wetu. Hasemi kweli anayekuambia kwamba yote ni upuzi, na hasemi kweli anayekuambia kwamba yote ni ya maana. Uliza tu: siku inayofuata kutabaki nini? Kama ni fulana peke yake, kijana abaki chuoni asome. Lakini kama atarudi na ujuzi, au kama ataacha kitu ambacho kuna mtu wa kukitunza, basi mpe nauli, hata ikikubidi ukope.

Kitindamimba ndiye sasa mwalimu wangu katika mambo haya, na tumeipitia kalenda ya mwaka pamoja. Hebu nikupitishe nawe, uikate uibandike ukutani.

Kila Januari, katika maziwa ya Bonde la Ufa kama Nakuru, Naivasha na Elementaita, watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini. Kazi hiyo huongozwa na Makumbusho ya Kitaifa na shirika la Nature Kenya, na imeendelea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanafunzi hufundishwa kutambua ndege, kuhesabu kundi kubwa kwa mafungu, na kuandika takwimu ambazo watafiti huzitumia kweli. Baada ya hapo, tarehe 2 Februari, ni Siku ya Ardhioevu Duniani, ukumbusho wa mkataba uliotiwa saini mwaka wa 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran. Kenya ina maeneo sita yaliyo katika orodha ya mkataba huo, na maziwa hayo matatu ni miongoni mwayo.

Tarehe 3 Machi, Afrika nzima humkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka wa 1977 na kushinda Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Tarehe 21 Machi ni siku ya misitu, tarehe 22 ya maji, na tarehe 23 ya utabiri wa hali ya hewa. Siku hizo tatu zikifuatana, vyuo vingi huwa na mihadhara na maonyesho, na kiingilio mara nyingi ni bure.

Kisha huja mbili zinazovuma kuliko zote: tarehe 22 Aprili, Siku ya Dunia, na tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Hapa ningependa utulie kidogo, msomaji. Ile ya Aprili ilianza Marekani mwaka wa 1970, na tarehe yake ilichaguliwa ili isigongane na likizo wala mitihani ya wanafunzi wa huko. Ile ya Juni ilitokana na mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofunguliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 5 Juni 1972. Hakuna hata moja iliyopangwa kwa kufuata mvua za Nairobi. Masika yetu huanza Machi na kwisha Mei. Mche unaopandwa tarehe 5 Juni unaingia ardhini mvua ikiwa inaaga, na mbele yake kuna miezi mitatu au minne ya ukavu. Ndiyo maana vijana wanaojua jiografia yao hupanda Machi mwishoni au Aprili mapema, na Juni wakaenda kupalilia, kutia maji na kuhesabu miche iliyoishi. Ukimsikia mwanao akisema tarehe 5 Juni anakwenda kuhesabu miche ya Aprili, jua huyo amefundishika.

Tarehe 17 Juni ni siku ya kupambana na kuenea kwa jangwa. Tarehe 26 Julai ni ya mikoko, na wanafunzi walio pwani wana bahati, kwani Gazi, kaunti ya Kwale, kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo tangu mwaka wa 2013 wanakijiji wamekuwa wakiilinda mikoko na kulipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa nayo. Mwanafunzi akienda huko atajifunza kupima kipenyo cha mti, na vilevile atajifunza kuketi na wazee wa kijiji akasikiliza.

Jumamosi ya tatu ya Septemba ni ya kusafisha fuo za bahari, na watu wa bara pia husafisha mito na maziwa yao. Usidhani ni kuzoa taka tu. Kila chupa, kifuniko na kipande cha wavu huandikwa katika fomu, ili ijulikane ni taka gani zinazotushinda. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017.

Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira hapa Kenya, jina ambalo ilipewa mwaka wa 2024. Hii inafuata mvua zetu vizuri, kwa kuwa vuli huwa mlangoni. Na katikati ya Novemba, kwa kawaida Jumatano ya tatu, ni ile Siku ya GIS iliyonitia aibu.

Ziko pia shughuli zisizongoja tarehe kubwa. Jumatano asubuhi kuna matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka wa 1971. Kila baada ya miaka miwili, Gigiri, kwenye makao makuu ya UNEP, hukutana Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na kabla yake vijana huwa na kikao chao. Wanafunzi wa nchi nyingine hupanda ndege kuja kuhudhuria. Wetu huhitaji matatu na barua ya kujiandikisha mapema.

Na kuna mikutano ya kuchora ramani, ambayo vijana huiita mapathoni. Huketi ukumbini na kompyuta, wakatazama picha zilizopigwa na setilaiti, wakafuatisha paa za nyumba na barabara katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote ulimwenguni anaweza kuisahihisha na kuitumia bila malipo. Mzoefu huipitia kazi ya mgeni. Halafu wenyeji wa mahali hutembea na simu mkononi wakaongeza majina: kisima hiki, zahanati ile, kichochoro hiki kisichopitika mvua ikinyesha. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la mwaka wa 2010, waokoaji walitumia ramani zilizochorwa hivyo na watu waliokuwa mbali kabisa. Hapa kwetu, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao mwaka wa 2009, wakati ramani nyingi zilikuwa zikiuonyesha kama mahali patupu. Na mnamo Septemba 2024 mkutano wa ulimwengu mzima wa wachoraji hao ulifanyika papa hapa Nairobi.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, nina neno nawe pia. Usiwaombe wazazi pesa za "tukio" tu. Waambie utajifunza nini, na urudi uwaonyeshe. Kitindamimba wetu aliturudia na karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa na thamani kuliko cheti cha kuhudhuria. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji yako na daftari. Na usisahau kwamba walikutangulia wengine. Mwanzoni mwa mwaka wa 1999 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta waliingia barabarani kuutetea Msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Walipigwa na kufukuzwa kwa vitoa machozi. Lakini leo Karura ipo, zaidi ya hekta 1,000 za miti, na familia za jiji hili huenda huko Jumapili kutembea na watoto.

Nawe mzazi, kaka au dada unayeshika mkoba, mia nne si haba siku hizi, najua. Lakini kabla hujakata simu, uliza swali moja zaidi kuliko nilivyouliza mimi.

Mama anaishi nami sasa. Nilimnunulia cherehani nyingine kwa kulipa kidogo kidogo. Anasema inashona vizuri, ingawa naona wakati mwingine mguu wake unatafuta pale palipokuwa kanyagio la ile ya zamani.

Novemba iliyofuata nilimpa kitindamimba nauli bila kuombwa, kisha nikaenda naye. Mama naye akataka kuja. Nilifundishwa kuchora paa, na hadi saa sita nilikuwa nimechora arobaini na tatu, nyingi zikiwa zimepinda. Mama aliketi nyuma ya kitindamimba akiutazama mtaa wetu kwenye kioo cha kompyuta. Mara akamgusa bega.

"Hapa umekosea, mwanangu. Hapa palikuwa na mfereji. Waliufukia walipojenga lile jengo la kona."

Kitindamimba alimwomba amwonyeshe ulianzia wapi na kuishia wapi. Mama akaufuata kwa kidole, polepole, kuanzia barabarani hadi mtoni, naye akauchora.